Faili Niliyoiondoa kwenye Mashine

Wakati wa vita nilitunza kompyuta za ofisi moja ya barua pepe mjini Bujumbura. Watu walikuja pale kuwaandikia ndugu zao waliokimbilia kambi za Tanzania. Mtandao wetu ulilindwa na programu ambayo, kila ilipowashwa, ilisoma faili moja ya maagizo: nani apite, nani azuiwe. Isipoikuta, ilifunga kila kitu, huku ikionyesha kwamba iko sawa.

Mwaka ule wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa, na mimi nilikuwa na sekondari tu. Nikaihamishia faili ile kwenye disketi, nikawa natembea nayo mfukoni. Kwenye mashine sikuacha nakala. Wangenifukuza vipi?

Risasi zilipoanza kulia Gasenyi, nilikoishi, nilikwama nyumbani siku tatu. Siku ya kwanza umeme ulikatika mjini, ukarudi, mashine zikajiwasha upya. Mwenzangu wa kazini, Mwislamu wa Buyenzi, akanipigia simu.

"Muzee, mashine inasema iko sawa, lakini hata barua moja haipite. Kuko mama hapa analia. Kaka yake anataka kurudi kesho kutwa, na njia imeharibika. Anataka kumwambia abakie kambini."

Nilijua papo hapo. Ningemwambia aizime programu ile, maneno mawili tu, na barua ingepita. Lakini angejua nilichofanya.

"Ni laini ya mtandao," nikasema. "Munigojee."

"Wallahi, muzee, utakuta ndevu zetu zimefika magotini."

Nikacheka. Nilicheka kweli.

Siku ya nne nilifika, nikairudisha faili, barua zikatoka. Ya mama yule pia. Mchana jibu likaja kutoka kambini, limeandikwa na jirani: kaka aliondoka jana asubuhi. Lori alilopanda lilichomwa njiani, hakutoka mtu.

Wiki iliyofuata mama alikuja ofisini, bado amejifunga kitambaa cha msiba.

"Baba, mi sikulaumu. Laini ikikufa, we ungefanya nini? Mungu akubariki, ulijaribu."

Mwenzangu alikuwa amesimama kando yetu, anasikiliza. Nikaitikia, "Amina."

Mama yule aliishi Buterere miaka mingi baada ya hapo, si mbali na kwangu, naweza kufika kwa miguu. Sikwenda. Sasa amezikwa.