Jicho Lililobaki la Baba Mkubwa

Walisema sitamaliza. Mtoto wa wakulima wa Masereka anakwenda Kampala kusomea macho? Atarudi na viatu vizuri na njaa. Nilirudi na diploma. Kwa mikopo ya ndugu nilinunua mashine ya kupimia presha ya macho, nikafungua chumba changu mwenyewe Butembo. Leo watu wanatoka Kayna kunitafuta mimi.

Lakini kuna jambo linanichoma. Kwetu jicho linapimwa kwa Biblia. Mtu akisoma herufi ndogo bila miwani, kanisa zima linasema macho yake ni mazima. Uongo. Maji ya ndani ya jicho yakishindwa kutoka vizuri, presha inapanda na kuharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kuona kunakatika pembeni, polepole, bila maumivu. Katikati kunabaki safi mpaka mwisho. Na kilichokatika hakirudi.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ndiye msomaji wa kanisa lake kule Beni. Alinikopesha kuliko wote na kunicheka kuliko wote. Siku moja alifika kwangu na bega limechubuka. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba makaa ilimgonga kutoka kushoto, naye alikuwa anamlaani mwenye chukudu. Nikamkalisha, nikapima. Presha ilikuwa juu macho yote mawili. Nikachungulia mshipa: wa kushoto ulikuwa umekwisha karibu wote, wa kulia ulikuwa ndio unaanza kuharibika.

“Mi nasoma Zaburi yote bila lineti machoni,” alisema. “Diplome yako inanifundisha nini?”

“Funika ile jicho ya kuume, baba. Sasa uniangalie.”

Akafunika. Akageuza kichwa huku na huku kunitafuta, halafu akasema taa ya chumba changu ni mbaya.

Nilimpa dawa ya matone, ya kila jioni, maisha yote. Chupa ilipoisha hakununua nyingine. Wenzake wa kanisani walimwambia mtu anayesoma vile si mgonjwa, naye aliona bora kuwaamini wao. Mke wake ndiye aliyenipa habari hiyo. Nilipopiga simu, mzee akakataa kuongea.

Chumba kilipoanza kuleta faida, niliwaita wote walionikopesha nyumbani kwake Beni. Nikapanga bahasha mezani, na mashine pembeni yake. Nikasema hakuna anayepokea kabla ya kupimwa. Shangazi akanung’unika kwamba nimekuwa douane ya mpakani Kasindi, natoza watu ushuru kwa mali yao wenyewe. Lakini alikaa, na wengine wakakaa. Baba mkubwa alibaki wa mwisho.

“Ile ni feza yangu. Utaninyima?”

“Ni yako, baba, na leo utaipata. Lakini jicho, ukiipoteza, mi sina ya kukurudishia.”

Alikaa. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima, bila kupunguza sauti, kwamba kushoto pamekwenda, kulia bado pa kuokoa. Mke wake akainuka, akachukua chupa niliyokuja nayo, akamrudisha kichwa nyuma, akamtia matone. Mzee akalalamika yanawasha. Nikamkabidhi bahasha yake.

Akafuta shavu, akauliza chupa ni bei gani. Nikamtajia. Akatoa noti kwenye bahasha ileile, akasema nimletee za kutosha hadi Noeli.

Sikumpunguzia bei.