Mama Anapima Mikro

Kompyuta niliinunua sokoni Birere, ya mkono wa pili, nikaondoa mfumo wake mzito na kuweka Linux. Iliamka kama mpya. Mtandao ulishika, na kamera ikanionyesha sura yangu nikitabasamu. Mikro tu, ile ya kunasa sauti, ndiyo iliyokataa: kila nikirekodi, nilisikia mvumo kama wa mvua juu ya bati.

Kuna ukurasa mtandaoni ambapo watumiaji wa Linux huandika kompyuta ipi inakubali na kitu gani kinagoma, ili anayekuja nyuma asihangaike. Nikatafuta aina ya yangu, hakuna aliyeiandika. Basi nikaiandika mimi, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kesho yake bwana mmoja wa kujitolea, wa nchi ya mbali, akanijibu: badilisha mpangilio huu, zima na uwashe, kisha nitumie sauti ya mtu akiongea.

Nikafanya yote, lakini nilikuwa na mafua, koo limekauka. Nikamwita mama, aliyekuwa uani akichambua maharage.

— Mama, sema kitu hapa.

— Nasema na nani?

— Na mutu hakuna. Sema tu kile unapenda.

Mama alizaliwa milimani Masisi, katika familia ya wafugaji. Akapangusa mikono, akasimama wima, akaanza kwa Kinyarwanda kumsifu ng'ombe aliyemkamua usichanani: mwenye pembe zinazogawanya ukungu, asiyekunywa maji yaliyotibuliwa na wengine, ambaye maziwa yake hunyamazisha watoto wa kilima kizima. Sikuwahi kuzisikia sifa hizo mpaka mwisho.

Nikamfungulia sauti niliyorekodi. Ilitoka safi, hata kuku wa jirani alisikika.

— Njo mimi huyu? Njo sauti yangu hii? akauliza, ameshika mashavu. Kisha akakunja uso. — Ngoja. Pale katikati nimeruka maneno. Futa, tuanze tena.

Tukaanza tena, na tena. Majirani wakaingia kusikiliza, maharage yakasahaulika. Kwa ruhusa yake nikatuma ile aliyoikubali.

Jibu lilinifurahisha: mikro inafanya kazi, na aina ya kompyuta yangu imewekwa pamoja na zile zinazokubali. Chini yake, kama mtu anayeona haya, yule bwana akauliza mama alikuwa anamwombea nani.

Nilipomtafsiria, mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

— Umwambie ni ng'ombe. Na umuulize kama kwao kuko ng'ombe.

Walikuwepo, akajibu yule bwana. Baba yake alifuga wa maziwa, lakini hawakuwa na majina, namba tu sikioni. Mama akaguna kwa huruma ya kweli.

— Ng'ombe bila jina! Atume picha.

Picha ikaja palepale chini ya ripoti yangu, na hakuna aliyetugombeza. Ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kikubwa ajabu. Mama aliinamia kioo, akachunguza mgongo, pua na kwato. Halafu akajifunga kitenge vizuri, akamtungia jina na sifa zake, akiitaja hata baridi ya huko anakoishi; nikarekodi, nikatuma.

Yule bwana alituandikia kwamba baba yake alifungulia sauti ile zizini wakati wa kukamua, na yule ng'ombe akageuza masikio. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya chai, mama huniuliza kama kule maziwa yameongezeka.