Niliwaambia wauza samaki wa beach yetu watumie PIN yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka upande wa ziwa, chini kidogo ya Kombewa.

Uamuzi ambao leo natamani ningeukataa ulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kina mama wa beach yetu waliniuliza kama wanaweza kutumia PIN yangu ya ushuru kuuzia samaki. Nikasema ndiyo. Tena nikasema nikicheka.

Nimesoma humu mjadala wa jinsi mamlaka ya ushuru inavyoweza kuwa ya kisasa ikusanye mapato zaidi. Vijana mmeandika vizuri. Data, simu, benki, kila kitu kiunganishwe.

Mimi si mtaalamu. Nilimaliza form four zamani, nikafanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha sukari mpaka umri ukanitoa, nikarudi nyumbani. Lakini huo mtambo mnaousifia ulishanipitia juu, kwa hivyo wacha niwaeleze. Sitajipaka rangi. Pale nilipokosa nitasema nilikosa.

Hapa beach mimi ndiye Katibu. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na nina smartphone. Simu hiyo nilinunuliwa na Okoth, kifungua mimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma huko Nakuru. Shikeni jina hilo, nitalirudia.

Kwa miaka mingi biashara ilikwenda hivi. Mama ananunua samaki mashua zikifika, anapanga mzigo wake, lori la kampuni ya samaki linakuja na barafu, wanapima, analipwa kwa simu yake, lori linaondoka. Karatasi haikuwepo.

Asubuhi moja mnunuzi wa kampuni, Bwana Were, alishuka kwenye lori bila mizani.

"Kuanzia leo bila risiti ya kompyuta sinunui," akasema. "Msiniangalie hivyo. Ofisi inasema tukiwalipa bila risiti ya mfumo wa ushuru, hiyo pesa haikubaliki kama gharama yetu. Tunakatwa kodi sisi."

"Na hiyo risiti inauzwa wapi?" akauliza Mama Pamela. Huyu ndiye kiongozi wa kina mama pale, mjane, sauti yake inasikika mpaka kwenye mashua.

"Haiuzwi. Inatoka kwa simu. Lakini lazima uwe na PIN."

"PIN! Yawa! Shemeji yangu alichukua PIN akitafuta kazi. Kazi hakupata, faini akapata."

Watu wakacheka. Lakini kilikuwa kicheko cha woga, kwa sababu jambo hilo ni kweli. Ukiwa na PIN na usipeleke returns, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka, hata kama huna kitu, faini inakungoja.

Wakati huo samaki wako juani, wakuu. Samaki hangoji semina.

Mama Pamela akanigeukia. "Katibu, si wewe uko na hiyo kitu tangu kazi ya sukari?"

Hapo ndipo ningesema: hapana, wacheni mzigo wa leo uende kwa bei ya hasara, kesho tunaenda Kisumu wote tukajiandikishe. Ningesema hivyo, nisingekuwa hapa naandika.

Badala yake nilisema maneno haya, na nayakumbuka yote:

"Tumieni yangu. Samaki ni wa beach, PIN pia iwe ya beach. Hakuna mtu atakuja kuwauliza. Serikali ikishajua jina lako haisahau, afadhali ijue langu peke yake, mimi ni mzee."

Wakapiga makofi. Mama Pamela akasema, "Huyu ndiye mwanaume!" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikafurahi.

Kabla hamjaniita mwizi, niseme jambo moja. Huku kwetu kitu cha pamoja ni kawaida. Wavu mmoja ni wa watu kumi. Simu moja inapokea michango ya matanga ya kijiji kizima. Hakuna aliyeona PIN ni tofauti. Na sikula hata shilingi ya mtu. Kila mama alilipwa kwa namba yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza risiti, na kwenye daftari langu naandika hii ni ya nani.

Lakini kwenye mfumo hakukuwa na nani. Kulikuwa na mimi tu.

Kosa la pili lilikuwa returns. Kila mwaka nilikwenda cyber, duka la kompyuta, pale Kombewa. Mwenye cyber ananiuliza, "Mzee, uko na mapato?" Nasema sina. Anajaza sifuri, tunamaliza. Niliamini ni kweli. Pesa ni za kina mama, mimi za kwangu ziko wapi? Sikuuliza mtu yeyote anayejua. Niliogopa kuuliza, kwa sababu ndani yangu nilijua swali lenyewe lina harufu.

Halafu kuna habari ya email. PIN yangu ilipohamishiwa kwenye kompyuta, mwenye cyber ndiye alinifungulia email, password akaiandika kwenye kitabu chake. Mimi sijawahi kuifungua. Baadaye alihamia Otonglo na kitabu chake. Mamlaka iliniandikia kwenye email hiyo. Mimi nilikuwa natembea mpaka sanduku la posta, nachungulia, naona tupu, narudi nyumbani nikiwa na amani.

Nilijua siku nilipokwenda benki kutoa pesa ya kurekebisha paa. Wakaniambia akaunti imezuiwa, nenda ofisi ya ushuru.

Pale Kisumu nilihudumiwa na afisa msichana, umri wa mjukuu wangu. Naomba muelewe, hakunidharau. Alisimama, akanivutia kiti, akaigeuza kompyuta yake nione.

"Mzee, unaona hii? Wewe ndiye unauzia kampuni samaki kushinda soko nzima. Na kila mwaka unasema huna kitu."

Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza alishika kichwa.

"Hao mama wangejiandikisha kila mmoja kivyake, wengi hawangefika hata kiwango cha kulipa. Wangekuwa wanadaiwa sifuri. Umewajumlisha pamoja, ndio ukawa tajiri."



Akaniambia barua za kunidai zilitumwa tatu, na siku za kupinga deni zilikwisha. Lakini angemwomba mkubwa wake akubali nipinge hata kama nimechelewa, kwa sharti moja: kina mama waje wenyewe, kila mtu na kitambulisho chake na statement ya simu, waseme mauzo haya ni yao. Akanipa tarehe.

Nikarudi beach nikaita mkutano. Nilidhani nimeleta habari njema.

"Katibu," akasema Mama Pamela, "si ulisema hakuna mtu atatuuliza?"

"Nilisema."

"Na ulisema serikali ikishajua jina haisahau."

"Nilisema."

"Sasa unataka itujue?"

Nikawaambia hamtalipa kitu, afisa mwenyewe amesema. Mama mmoja mzee akajibu, "Mimi kwa picha ya ID nimenuna. Watanifunga kwa uso tu." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikajua hawaji.

Ule woga niliupanda mimi. Niliupanda kwa mzaha, siku ile ya makofi, na sasa ulikuwa mkubwa kunishinda.

Siku ya tarehe niliwangoja barabarani kuanzia saa moja asubuhi. Saa nne nikaenda peke yangu na daftari. Afisa alilifungua, akasoma, akalifunga taratibu.

"Mzee, huu ni mwandiko wako. Nahitaji wenyewe. Nipe basi namba zao za simu, niwapigie mimi."

Namba zote nilikuwa nazo mfukoni.

Nilikataa.

Msinipongeze. Haikuwa ujasiri. Niliogopa kurudi beach nikiwa yule mzee aliyetaja watu. Nilitaka kubaki Katibu. Basi.

Wakanipangia kulipa kidogo kidogo. Mtu asiye na mshahara, kidogo kidogo anaitoa wapi? Nikauza kipande cha shamba cha upande wa juu, kinachopakana na barabara.

Kwa wasio wa huku, nieleze kipande hicho kilikuwa nini. Kwetu kijana akishakua hujenga nyumba ndogo ndani ya boma la baba yake, tunaiita simba. Akioa na kupata watoto, lazima atoke akaanzishe boma lake. Hatoki peke yake. Baba yake anamtangulia asubuhi na mapema mpaka mahali hapo, kijana amebeba jogoo na shoka, mkewe amebeba moto. Baba ndiye anaonyesha: hapa ndipo nyumba itasimama. Na mdogo hawezi kutoka kabla ya mkubwa.

Okoth akiwa darasa la tatu nilimpeleka kwenye kipande hicho nikamwambia, siku moja nitatembea mbele yako mpaka hapa.

Mama wa watoto wangu alishatutangulia kaburini, kwa hivyo hakukuwa na wa kunizuia ndani ya nyumba. Kwenye bodi ya ardhi waliniuliza kama familia inajua. Nikasema inajua. Hilo ni kosa la tatu, na hili silitupii mtambo wala afisa wala kina mama. Nilidanganya kwa mdomo wangu.

Aliyenunua shamba akaweka fensi ya waya wiki hiyo hiyo. Deni likaisha, akaunti ikafunguliwa.

Sasa sikieni hii.

Miezi michache baadaye, mamlaka ilikuja beach yenyewe. Hema moja, meza moja, maafisa wawili, mmoja anaongea Dholuo kama sisi. Hakuna askari, hakuna vitisho. Kina mama walianza kwa kuchungulia, halafu wakapanga foleni. Mama Pamela alijiandikisha chai yake haijapoa. Akafundishwa kutoa risiti kwa simu yake ya kubonyeza.

Alikuja kwangu kabla ya saa sita. Hakukaa.

"Katibu, wameangalia. Wanasema mimi sidaiwi kitu."

"Ndiyo," nikasema. "Niliambiwa."

Akaweka mikono kichwani, akarudi beach. Tangu siku hiyo huniletea samaki, hataki pesa. Napokea, kwa sababu nikikataa ataumia zaidi.

Kwa hivyo mnapojadili usasa, mimi maoni yangu ni haya. Ile meza ingetangulia mtambo. Kompyuta iliona mapema kabisa mzee wa ziwani anauza kama kiwanda huku akisema hana kitu. Iliona, ikaandika barua kwa email, ikaanza kuhesabu faini. Mtu mmoja angepiga simu mwezi ule wa kwanza, akaongea lugha ninayoelewa vizuri, ningetetemeka nikasema ukweli, mambo yangekwisha hapo. Na hiyo faini ya mtu ambaye hana kitu cha kutangaza, iondoeni. Inawafukuza watu wengi kuliko inavyokusanya. Mama Pamela alikimbia ushuru ambao hakuwa anadaiwa, kwa sababu ya shemeji aliyetozwa kwa kukosa kazi.

Mwananchi naye asikie upande wake. PIN ni kama kidole chako. Huwezi kumwazima mtu kidole, hata awe mjane, hata samaki wawe wanaoza mbele yako.

Desemba Okoth alikuja na mke wake na watoto. Alikuwa ameweka pesa ya mabati. Tulipomaliza kula akaniuliza, "Baba, tutatoka lini?"

Nilisimama, nikatembea mbele yake mpaka juu, nikamwonyesha fensi, nikamweleza yote.

Aliushika ule waya. Yeye ni fundi, aliuangalia kama anayepima kazi ya mwenzake.

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Hao kina mama uliwaita mkutano mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi hata simu. Na simu nilikununulia mimi."

Hakupandisha sauti. Asubuhi alifunga simba yake kwa kufuli, akaondoka na mke wake na watoto. Nasikia amenunua ploti Nakuru na anajenga. Hakuna aliyemtangulia. Mdogo wake yuko hapa bomani na watoto wanne, hawezi kutoka, maana mkubwa hakutoka nikimtangulia.

Nikipiga namba ya Okoth haiingii. Kwa mke wake inaingia, ananisalimu vizuri, anasema atamwambia.

Nimeandika kirefu, mnisamehe. Aliye na swali aulize, aliye ndani ya ushuru anisahihishe, na anayetaka kunitukana aendelee, nitasoma yote. Ila kama kuna mtu humu ameazima mtu PIN yake, aende kesho akaseme, kabla hajaulizwa.

Mamlaka hainidai tena. Nina karatasi yao inayosema hivyo. Siku ile niliyosema "tumieni yangu" ilinigharimu mahali ambapo mwanangu angejenga, na ilinigharimu mwanangu.