Chungu Kilichobandikwa Barabarani

Jumamosi nilikuwa kituo cha mafuta, Nyaishozi, lilipoingia gari kubwa la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani. Harufu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ilimtangulia dereva kushuka.

Dada wa pampu akarudisha bomba mahali pake. "Shikamoo baba. Kuna moto humo?"

"Marahaba. Jiko la gesi tu. Nimeliwasha Kihanga."

"Huku unaendesha?"

Mzee akainamisha kichwa. "Naenda Nyakakika, kwa mama. Zamani kila nikifika nilikuta chungu kiko motoni. Tangu tumzike, nyumba imepoa. Nikasema leo nifike na chakula cha moto."

Dada hakucheka. "Zima, baba, ufunge na mtungi. Gari likipiga shimo mpira wa gesi ukachomoka, tutakuzika na wewe. Ukifika, washa kuni jikoni kwake. Majirani wakiona moshi watakuja."

Mzee akazima, akafunga mtungi, akabaki ameishika koki kwa muda mrefu.

Wanaotufundisha usalama wa gesi wako sahihi: moto wa kupikia ukae nyumbani. Wanasahau tu kwamba huko nyumbani lazima awepo mtu.