Mumo na Mkono wa Tama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kilungu ungeweza kuvunja chungu au kupoteza mbuzi na ukasamehewa kabla ya jioni, lakini kushika tama hukusamehewa. Nasema kule kukaa umeegemeza shavu kwenye kiganja, macho yakiwa mbali. Wakubwa walisema hivyo ndivyo wanavyokaa wafiwa, kwa hiyo mtoto akikaa hivyo na hakuna aliyekufa, anakiita kifo. Ungezabwa kofi kabla hujajua umekosa nini. Hata mzee wetu wa kanisa, aliyekemea ushirikina kila Jumapili mpaka sauti ikamkauka, akimwona mtoto ameshika tama alimtoa mkono haraka na kutazama huku na huku.

Mwaka shule zilipofungwa kwa ajili ya korona nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdogo wangu Mumo alikuwa na saba. Baba alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mombasa, na kijijini ilishasemwa kwamba ugonjwa unaletwa na madereva. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miezi kadhaa. Akisimama Mtito Andei alitupigia simu, akituambia analala ndani ya lori kwa sababu hata wenye vyumba vya kulala wageni hawamtaki. Lakini nani alijali? Lisemwalo lipo, watu walisema. Siku moja tulitoka kwenda kucheza kama kawaida, na Mwikali, rafiki wa Mumo wa kufa na kuzikana, akatusimamisha njiani.

"Mami amesema tusicheze na nyinyi. Mko na korona ya lori."

Mumo alicheka akidhani ni utani. Mwikali akaokota jiwe. Hakulirusha, alilishika tu huku akitutazama, na sisi tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile Mama alitufungia. Simlaumu. Aliogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe, na aliogopa tutapigwa. Mumo, mtoto aliyekuwa akiruka kamba mpaka ugali upoe, akawa anakaa kwenye kizingiti cha jikoni tangu chai ya asubuhi. Aliacha kuuliza Baba anakuja lini, halafu akaacha kuuliza chochote. Akaanza tena kukojoa kitandani. Na pale kizingitini, pole pole, mkono wake ukapanda shavuni.

Aliyeuona kwanza ni Susu, nyanya yetu mzaa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua.

"Toa mkono hapo! Unalilia nani na sisi tuko hai?"

Mumo akautoa. Susu alipogeuka, ukarudi.

Nilingoja kusikia kofi, lakini Susu alimwinua, akamkung'uta mikono yote miwili kama anayemtoa unga, akamgeuza uso kwenye shamba letu, ambako matuta yanashuka moja baada ya jingine mpaka bondeni.

"Mkono ukishapanda hivyo hautolewi na kofi," alisema. "Unatolewa na miguu. Kimbia mpaka tuta la mwisho, urudi hapa nisikie hiyo roho ikigonga. Wewe Kioko, mkimbize!"

Mama alilalamika kwamba watu wataona. Susu akamjibu kwamba shamba ni la mumewe marehemu, na mwenye macho aone. Nikamkimbiza Mumo. Mwanzoni alitembea tu, akiburura miguu. Aliporudi Susu aliweka kiganja kifuani mwake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bado. Hii imelala. Rudi." Tulirudi tena na tena, mpaka Mumo akaanza kukimbia kwa hasira, na hasira ilikuwa afadhali kuliko ule ukimya. Baada ya hapo ikawa kazi yetu ya asubuhi na ya jua likipoa. Susu alikaa juu kwenye kigoda chake akitutania. "Kioko, unakimbia kama ng'ombe ako na mimba!" Mumo alicheka mpaka akaanguka kwenye mihogo. Akaanza kula vizuri, akaanza kunichokoza, kitanda kikakauka. Nadhani zile ndizo siku nilizompenda Susu kuliko mtu yeyote duniani.

Kisha Susu akaugua. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na dawa zilikuwa zimemwishia kwa sababu aliogopa kwenda kliniki kukaa kwenye foleni na watu wanaokohoa. Kwa siku kadhaa alilala akilalamika kichwa, na bila yeye hakuna aliyetukumbusha kukimbia. Mama alikuwa mbio mbio na uji na maji. Mumo akarudi kizingitini.

Asubuhi tuliyomkuta Susu mdomo umepinda na upande mmoja haunyanyuki, Mama alimwita mtu wa boda boda. Yule wa kwanza aliposikia ni boma la dereva, akakata simu. Wa pili alikuja amechelewa. Walipombeba Susu kuvuka ua, Mumo alikuwa pale pale, shavu kwenye kiganja. Susu alimtazama, mdomo ukacheza. Mpaka leo Mumo husema Susu alimwambia atoe mkono. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na sikusikia neno.

Alifia hospitalini kabla ya wiki kuisha. Alizikwa haraka haraka, watu wachache wamesimama mbali mbali, bila chakula, bila nyimbo za usiku, na Baba akayasikiliza mazishi ya mama yake kwenye simu. Jioni Shangazi Kavata, dada yake Baba aliyekuja kutoka Kitui, aliketi jikoni na Mama. Mumo alikuwa mlangoni na sufuria.

"Si ni huyu?" Shangazi alisema. "Ameshika tama akikiita kifo. Si sasa amekipata?"

Ulimi hauna mfupa. Najua Shangazi alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulitafuta pa kutua, ukatua kwa mtoto. Mama alisema, "Wacha, Kavata," kwa sauti ndogo. Baba angekuwapo labda angesema zaidi.

Kesho yake Mumo alikuwa kizingitini, ameikalia mikono yake.

"Twende tukimbie," nilimwambia.

"Nikiitoa itapanda yenyewe. Halafu Mama atakufa."

Nilimvuta. Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtoto mwingine, nikamwachilia. Hata kula alikataa kutumia mikono, Mama akawa anamlisha. Mama alimpigia mchungaji wetu, naye akamwombea kwenye simu kwa sauti kubwa, akikemea roho ya mauti itoke ndani ya mtoto. Mumo alisikia kila neno. Akaikalia mikono kwa uzito zaidi, maana sasa hata mchungaji alikuwa amethibitisha.

Nimeyafikiria haya sana tangu nikue. Susu na Shangazi waliamini kitu kimoja. Wote wawili walilelewa kwenye mwiko ule ule, na mimi siucheki, kwa sababu mtoto anayeshika tama kutwa kweli ana msiba, hata kama hakuna kaburi. Mumo alikuwa amefiwa na Mwikali, na shule, na baba aliye hai. Susu alilijua hilo na alijua dawa yake, na dawa ilikuwa jasho na kucheka na mtu wa kukukimbiza. Shangazi alikumbuka tisho tu. Inaniuma kwamba Mumo aliachiwa lile tisho wakati mwenye dawa yuko kaburini.

Shule zilifunguliwa. Mikono ilitoka, kwa sababu mwalimu alitaka aandike. Lakini saa ya michezo Mumo hukaa na kulinda mabegi ya wenzake, vidole amevifunga pamoja, na kwenye ripoti wameandika kwamba ni mvivu. Nimemweleza habari za presha na zile dawa zilizokwisha. Huitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Likizo iliyopita jino lilimuuma vibaya. Nilimkuta nyuma ya nyumba, shavu limevimba, machozi yanamtiririka, na mikono ameikalia.

"Shika shavu, Mumo. Ni jino tu. Hakuna mtu atakufa."

Alitikisa kichwa.

"Baba ako barabarani," akasema.

Nilikaa chini kando yake. Miaka yote hiyo tulimwona mtoto mvivu, na yeye alikuwa kazini, akituweka hai.