Kilichokuwa Kinakula Betri

Mimi nauza vifaa vya umeme. Duka langu liko Nakivubo, lina balbu, soketi, swichi na waya wa kila rangi, na kutwa nzima watu wananiuliza kwa nini taa zao zinapepesa. Sasa fikiria aibu ya mtu kama mimi kusimama asubuhi kwenye mteremko wa Old Kampala, buibui nimelikunja kiunoni, nasukuma gari langu mwenyewe kwa sababu betri imelala. Muuza chapati wa pale kona alikuwa akinisubiri kama anavyosubiri wateja. "Nyabo wa umeme, bibi wa umeme, umeme iko wapi leo?" Nikamwambia mganga hajigangi, na yeye aangalie chapati yake inaungua.

Gari lenyewe tuliachiwa na marehemu baba. Ni la kizamani, lina mlango wa pembeni wa kuvuta na gia za mkono, na rangi yake hata sisi wenyewe hatukubaliani ni ya namna gani. Lakini lina jambo moja ambalo magari ya siku hizi hayana: viti vyake viko juu. Mama yangu ana magoti mabovu. Namwekea kigoda, anakanyaga, anashika mpini, anasema bismillahi, amekaa. Haya magari ya kuita kwa simu yako chini mno. Akishaingia hatoki mpaka avutwe, na yeye hataki kuvutwa na dereva asiyemjua. Boda boda ndiyo usiseme.

Na Mama ana pa kwenda. Kila Jumamosi anafundisha darasa la dini la wanawake huko Mbuya, sebuleni kwa mmoja wao. Wengine walianza kwake wakiwa wasichana, sasa wanakuja na wajukuu mgongoni. Siku ya darasa Mama huamka mtu mwingine kabisa, anaimba jikoni, ananigombeza kwa nini bado sijavaa. Betri ilipoanza kulala, darasa nalo likalala. Mara moja tulikwama kulekule Mbuya juani, tukangoja mpaka akapatikana mtu wa kutuazima moto wa betri yake. Baada ya siku hiyo, ikifika Jumamosi Mama anasema, "Tuache tu, mwanangu, wiki ijayo inshallah." Wiki ijayo nayo inakuja na yale yale. Akabaki kukaa kibarazani na tasbihi yake, haimbi.

Kaka yangu mkubwa alikuja kututazama, akalizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke. "Nimepata mtu wa kulinunua. Atakuja Jumapili baada ya adhuhuri."

"Na darasa la Mama?"

"Hao wanawake waje hapa."

Hee! Wanawake wenye watoto na vibanda vyao, watoke Mbuya wapande na kushuka taxi zetu za kujazana mpaka kwetu, kwa sababu yeye kachoka kusikia habari ya betri! Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Mwisho tukakubaliana hivi: nikijua kinachokula betri kabla ya huyo mnunuzi kufika, gari linabaki. Nisipojua, linaondoka.

Basi nikawa na hamu ya ajabu. Kusema kweli hasira ilikuwepo, lakini hamu iliipita. Kwa sababu kitu hakiwezi kwisha bila kwenda mahali. Hili ndilo ninalowaambia wateja wangu kutwa: mita ya umeme haili bure, nyumbani mwako kuna kitu kinakula. Sasa ndani ya gari langu alikuwemo mlaji, nami simjui.

Fundi wa kwanza alikuwa ameshasema, "Nyabo, hii betri imekufa, lete ingine." Nikaleta nyingine. Ikalala vilevile. Fundi wa pili akasema betri haina kosa, ni altaneta, haichaji vizuri. Tukabadilisha altaneta. Ikalala tena! Huyu wa pili lakini aliuliza swali la maana. Aliuliza kama kuna mtu ameongeza kitu kwenye gari, alamu au redio. Nikasema hakuna, nani aongeze, gari naliendesha mimi peke yangu. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Jirani yetu wa upande wa pili, yeye hakuhitaji hata kufungua boneti. Alisema ni jini.

"Jini gani anayekunywa betri?" nikacheka.

"Usicheke," Mama akasema kwa ukali, na mimi nikadhani anatetea majini.

Nikaanza kujiuliza maswali kama ninavyomuuliza mteja. Gari linalala lini? Siku za kupeleka mizigo kwa wateja, naliendesha mfululizo, linawaka bila matata. Likikaa siku mbili uani, kwisha. Maana yake mlaji anakula gari likiwa limezimwa. Na ilianza lini? Hapo nikakumbuka. Ilianza baada ya lile tukio la kwenye foleni karibu na Nakivubo, mtu alipovunja kioo cha upande wangu akanyakua simu mkononi mwangu na kuyeyuka kwenye watu. Kioo kilinichana shavu. Nilirudi nyumbani na damu kwenye mtandio, Mama akanipokea mlangoni, akanisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kesho yake nikaenda kuwekewa kioo kipya.

Ahaa! Fundi wa vioo! Bila shaka alipofungua mlango alichubua waya. Nilifurahi kama nimeokota pesa. Jumapili asubuhi, baada ya chai, nikachukua mita ninayopimia dukani, nikafungua boneti. Nilikuwa nimeshamhukumu yule bwana na kumnyonga.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu, na subira ndiyo sina. Unafungua waya mnene wa hasi kwenye betri, halafu mita unaiweka katikati, ili umeme wowote unaotoka lazima upite kwake. Gari limezimwa, funguo mfukoni. Mita ikaniambia unapita umeme mwingi kweli. Nikapiga ukelele wa ushindi, kumbe nimeacha mlango wazi na taa ya ndani inawaka. Nilijitukana, nikaichomoa ile balbu. Namba ikashuka, lakini haikufika chini. Kuna kitu bado kilikuwa kinakula, taratibu, bila haraka, kama mgeni anayejua kwamba chakula kipo.

Nikaenda kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Unachomoa fyuzi moja, unakwenda kutazama mita. Namba ikianguka, mlaji yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Nikachomoa ya taa. Wapi. Ya honi, wapi. Ya vifuta kioo, ya saa, ya kiberiti cha sigara ambacho hakijawahi kuwasha sigara tangu baba alipozikataza. Nikaingia na kutoka mpaka kiuno kikauma. Fyuzi zote zikawa zimelala juu ya gazeti, na mita bado inasoma ileile! Nikaiangalia nikasema banange, jamani, huyu hana adabu. Na fundi wa vioo naye nikalazimika kumsamehe, maana waya za mlango zote zinapita kwenye fyuzi.

Nikakaa juu ya kigoda cha Mama. Kama hakuna njia inayopita kwenye fyuzi, basi huyu amejitobolea njia yake. Nikarudi kwenye betri, safari hii natazama kwa macho, si kwa mita. Kwenye chanya, chini ya ule waya mnene, ulikuwa umebanwa waya mwembamba mwekundu. Nikaufuta vumbi. Waya ule naujua. Nauza mimi! Roli lake lilikuwa chumbani kwetu, chini ya kitanda, kwenye mzigo ambao haujakwenda dukani.

Niliufuata kwa vidole. Ulishuka pembeni, ukaingia ndani ya gari kwenye tundu la nyaya, ukapita chini ya zulia, umebandikwa kwa tepu vizuri kabisa. Ukaishia chini ya kiti cha dereva, kiti changu. Nikapiga magoti nje ya gari, nikaingiza mkono, nikagusa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa na joto. Nikasogeza sikio.

Mtu alikuwa akinong'ona mle ndani.

Wallahi nywele zilinisimama, na jirani yangu nikamwomba msamaha kimoyomoyo. Halafu nikatambua maneno. Ilikuwa Ayatul Kursiyy. Nikakifungua kile kitambaa, kipande cha kanga kuukuu ya Mama, ndani mna redio ndogo ya gari na kispika cha ukubwa wa kiganja, na kwenye redio kumechomekwa flashi. Sauti imeteremshwa mpaka karibu na mwisho. Ilikuwa inasoma usiku na mchana, ikimaliza inaanza tena, gari likiwa linakwenda au limelala. Mimi nimeikalia wakati wote huo, nikipiga honi na kutukana madereva.

Kwetu watu huacha redio ikisoma Kurani kwenye nyumba tupu ili shari isiingie. Nyumba ina umeme wa ukutani, hakuna tatizo. Kwenye gari sijawahi kusikia mtu akifanya.

Nilikwenda kibarazani na redio mkononi, waya unaning'inia. Mama aliitazama, akaitazama mikono yangu yenye grisi, akasema, "Usiiweke chini."

Nikaiweka mezani. "Mama, nani kaiweka hii?"

"Nilimwita fundi redio, ulipokuwa dukani. Nikamwambia aifunge isizimike hata ukitoa funguo. Husuda haingoji funguo."

"Ndiyo inayokula betri! Ndiyo iliyokuzuia kwenda darasani!"

Hakushtuka. Aliendelea kunitazama tu, na hapo ndipo nilipoelewa. "Mama. Ulijua?"

"Yule fundi alipouliza kama kuna kitu kimeongezwa, nikahisi."

"Na ukanyamaza? Tumebadilisha betri, tumebadilisha altaneta, gari linataka kuuzwa, wanawake wa watu wanakungoja Jumamosi zote hizi, wewe unachambua mchele?"

Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa nampigia kelele mama yangu, na muuza chapati bila shaka alikuwa anasikia kila neno. Mama alinyoosha kidole, akagusa shavuni mwangu pale palipokuwa na kovu.

"Wao wananingoja Jumamosi," alisema. "Mimi nakungoja wewe kila siku mpaka urudi. Ningekwambia ungeitoa."

Ni kweli, ningeitoa. Ningecheka kwanza, halafu ningeitoa. Nilikaa chini kwenye sakafu karibu na miguu yake nikalia, na grisi yote ikaniishia usoni. Mama akanipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akisema nyamaza, mtu mzima, watu wanatazama.

Kaka na mnunuzi wake walipofika, nilikuwa nimesharudisha fyuzi zote, mita inasoma karibu na sifuri. Nikamwonyesha kaka, nikamweleza. Akaitazama redio, akamtazama Mama, akamsindikiza mnunuzi mpaka barabarani. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kufungiwa moja kwenye gari lake.

Redio niliirudisha chini ya kiti, ila waya wake niliuunganisha na funguo: gari likiwaka inasoma, likizimwa inanyamaza. Mama hakuridhika. "Na ukishazima, ukishashuka?"

Jumamosi tulikwenda Mbuya. Jumatatu nilipeleka mzigo kwa mteja, nikapaki, nikazima, na kabla sijashuka nikampigia simu. Nikasema, "Mama, nimefika salama." Nikasikia akivuta pumzi ndefu na kuitoa, kama mtu aliyetua mzigo, na mimi miaka yote sikujua kwamba anaubeba kila nitokapo mpaka nirudi.