Kanuni ya Macho Matupu

Mkufunzi wa klabu ya ndege zisizo na injini aliitwa Mwewe. Kwa miaka mingi alizunguka chini ya mawingu akitafuta hewa inayopanda, wala hakuvumilia miwani ya jua ndani ya ndege. Alidai kwamba giza lake humficha rubani ukingo wa wingu, mahali penye hewa ya kumwinua. Aliyekuja na miwani aliitundika kwenye msumari wa bandani. Asiyetaka alibaki chini. Kosa hilo lililelewa hadi likaitwa kanuni, na wanachama, watu wazima wenye akili zao, walifyata mkia.

Mpwa wake wa kike alipoanza kujifunza, alikataa kuitundika yake.

"Mjomba, huko juu miale ni mikali kuliko hapa chini. Hiki kifuniko cha plastiki cha ndege hakizuii yote."

"Tundika, bibi harusi, au ubaki kuhesabu panzi."

"Nitawahesabu. Lakini hilo jicho jekundu umemwonyesha nani?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la mwaka mzima? Hata chumba cha kapera hufagiwa, Mjomba!"

Mafundi wa klabu waliangua kicheko. Nyama iliyoota pembeni mwa jicho la Mwewe ilikuwa imeanza kuifunika mboni, naye alijua. Upimaji wa afya wa marubani ulikaribia. Asipoupita, hangeruka tena. Hata hivyo, kumwona daktari mapema kungekuwa kukiri madhara ya jua na kuikana kanuni yake mwenyewe.

Siku ya upimaji, daktari wa macho alimmulika kwa taa ndogo.

"Umekaa juani bila kinga tangu lini?"

"Tangu ujana."

"Miale ya jua isiyoonekana, ya urujuanimno, imechangia hili, mzee wangu. Nyama tutaikata, ingawa huweza kurudi. Kwa sasa sikuidhinishi kuruka."

Jumamosi iliyofuata Mwewe alifika uwanjani amevaa kofia ya pama. Aliung'oa msumari kwa koleo, kisha akaenda kushika kamba ya kuvutia ndege.

"Miwani iko wapi?" alimuuliza mpwa wake.

"Mfukoni."

"Mfuko wako una macho?"

Hakuifunga kamba mpaka mpwa alipoivaa miwani. Ndege ilipopanda na kuiachia kamba, Mwewe aliinua uso chini ya ukingo wa kofia, akaona doa tu mahali pa ndege.

"Ameupata ukingo wa wingu?" alimuuliza fundi.

"Ameupata, Mwewe. Tena na miwani yake."